Nilijisifu Kamba Ikiwa Bado Inavutwa

Nyumba yetu ya Kaloleni, mjini Kisumu, ilikuwa na vyumba viwili na haikuwahi kukosa wageni. Asubuhi ukitaka kwenda kunawa uso, ilibidi uruke miguu ya binamu aliyekuja kutafuta kazi, kisha miguu ya shangazi aliyekuja kutibiwa jicho, akapona, na bado hajaondoka. Kila Ijumaa alilala kwetu Mama Maximilla, mfanyabiashara aliyenunua sufuria na sabuni Kisumu, akaziuza Homa Bay, kisha akarudi kwa meli na samaki wakavu pamoja na habari. Samaki walinuka siku mbili. Habari zilidumu wiki nzima.

Mimi Beldina niliyapenda maisha hayo. Mwaka ule wa 1971 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna jambo lililotokea kati ya gati na mtaa wa Kondele nisilolijua kabla ya chai ya jioni. Nikitumwa bombani, nilirudi na ndoo nusu na maneno tele. Mama aliniambia, "Beldina, mdomo wako utakufikisha mahali ambapo miguu itashindwa kukutoa." Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Baba yangu, Absalom, alifanya kazi gatini, mahali meli za ziwani zilipopakiwa na kupakuliwa. Alikuwa mwimbishaji wa makuli. Makuli kumi walipovuta mzigo mzito, yeye hakugusa kamba. Alitembea kando yao akiimba, nao wakaitikia na kuvuta kwa pumzi moja. Watu wasiojua walimwona mvivu. Baba hakujali. Alisema, "Anayevuta ameinamisha kichwa. Haoni jiwe, haoni mwenzake ameteleza. Mimi ndiye jicho lao."

Nilisikia maneno hayo mara nyingi. Kusikia ni jambo moja.

Shuleni kwetu, darasa la sita, tulikuwa watoto arobaini na wawili, na tulikaa kama nyumba za mtaani. Watoto wa Kaloleni walicheza na watoto wa Kaloleni. Watoto wa kota za reli, ambao wengi wazazi wao walitoka Bungoma na Kakamega, walicheza peke yao nyuma ya choo. Mwalimu wetu, Bwana Wakoli, aliliona jambo hilo kwa mwezi mmoja, kisha akashindwa kuvumilia. Siku moja alikuja uwanjani na kamba nene ya meli begani, akachagua watoto kumi na sita bila kuuliza nani rafiki ya nani, akasema, "Nane huku, nane kule. Vuteni."

Ilikuwa aibu. Kila mtu alitoa amri. Opiyo alipiga kelele, "Vuta sasa," na Dorca akamjibu, "Bado, mjinga wewe, viatu vyangu." Wa mbele walivuta wa nyuma wakipumzika. Mwalimu Wakoli alikaa kwenye nyasi akacheka mpaka akavua miwani.

"Nyote mnasema," alituambia. "Nani anasikia?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Beldina, baba yako hufanya kazi gani?"

Nilimweleza. Akanitoa kwenye kamba akanisimamisha kando. Tangu siku hiyo ikawa kanuni: wanane wanavuta, mmoja anaimbisha, na mwimbishaji peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kufungua mdomo. Niliimba, "Mzigo ni mzito?" wakajibu, "Wetu," na wakivuta neno hilo wanavuta na kamba. Nikiona mtu ameteleza, nilirefusha wimbo hadi asimame vizuri. Siku kumi tu, na tukaanza kuwashinda wavulana wa darasa la saba.

Mtu wa mwisho kwenye kamba tulimwita nanga. Huyo ndiye hujizungushia ncha ya kamba kiunoni, akachimba visigino ardhini na kukataa kuondoka. Nanga wetu alikuwa Nakhungu, binti wa Mzee Masinde wa reli. Alikuwa mpana wa mabega, mpole, asiyesema sana, na Kiluo alikuwa bado hajakijua kwa kuwa walihamia kutoka Kimilili mwaka uliopita. Kabla ya mchezo ule sikuwahi kumwambia neno zaidi ya "pisha". Sasa tulirudi pamoja kutoka shuleni hadi njia panda ya reli.

Njiani ndipo aliponiambia habari za mama yake. Mama yake alikuwa mpishi katika hospitali ya misheni kule Homa Bay, na Nakhungu hakuwa amemwona kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Krismasi iliyopita hospitali ilijaa wagonjwa, mama hakupewa ruhusa. Baba yake naye alifanya kazi kwa zamu, akibadilisha njia za treni usiku na mchana, na hakumruhusu msichana wa miaka kumi na miwili apande meli peke yake.

"Sura yake bado naikumbuka," aliniambia. "Sauti ndiyo imeanza kunipotea."

Mwezi wa Julai Mwalimu Wakoli akatuletea tangazo. Shule za mji zingeshindana kuvuta kamba, na timu itakayoshinda itapanda meli Jumamosi inayofuata, pamoja na mwalimu wao, kwenda kushindana Homa Bay. Watoto walirukaruka kwa ajili ya meli. Nakhungu hakuruka. Alikaa chini pale pale, akafunika uso kwa magoti.

Basi timu nzima ikajua habari za mama yake. Opiyo, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alimwambia, "Wewe kaa hapo nyuma kama mwamba. Tutakupeleka kwa mamako."

Mimi nikaongeza langu. Nilimwambia amwandikie mama yake barua mapema ili aje kumpokea gatini.

"Na tukishindwa?"

"Tutashindwa na nani? Andika tu. Barua huchukua wiki. Ukingoja mpaka tushinde, utafika kabla ya barua."

Aliandika jioni ile ile. Bahasha niliilamba mimi.

Siku ya mashindano, siku ya Ijumaa, uwanja ulijaa. Akina mama wa soko walikuja na watoto migongoni, makarani walikuja na baiskeli. Baba hakuja, meli ilikuwa ikipakuliwa. Tulizishinda shule mbili kabla ya saa sita. Ya mwisho ilikuwa shule moja ya karibu na Milimani, watoto waliovaa raba nyeupe zote za aina moja. Mvuto wa kwanza tuliuchukua sisi. Wa pili waliuchukua wao. Ukabaki mmoja.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya nyumbani, la sivyo mtaniona nilikuwa na wazimu. Kwetu Waluo, mpiga nyatiti, kinubi chetu, anapoimba kwenye sherehe, mtu anaweza kuinuka katikati ya wimbo na kumnyamazisha. Muziki unakatika. Mtu yule anajisifu, anawataja rafiki zake, anataja kwao, watu wanacheka na kushangilia, kisha muziki unaendelea. Tunaiita *pakruok*. Nyumbani kwetu, pasipokosa wageni, niliishuhudia tangu nikiwa nabebwa. Niliona jinsi mtu wa kawaida, fundi viatu au muuza mkaa, anavyokuwa mkubwa kwa dakika moja.

Mwalimu alipuliza firimbi. Niliimba, wakaitikia. Kitambaa chekundu kilichofungwa katikati ya kamba kilianza kuja kwetu. Kikaja tena. Zilibaki hatua mbili. Watu walikuwa wakipiga kelele, "Nakhungu, Nakhungu," maana nanga ndiye aliyeonekana, amelala nyuma mishipa ya shingo imesimama. Hakuna aliyesema Beldina.

Nikawapa wenzangu mgongo. Niligeukia watu, nikainua mkono kama nilivyowaona wakubwa wakifanya, na wimbo nikaukata. Nikasema kwa Kiluo, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kwamba mimi ni binti wa Absalom, sauti inayoziamsha meli, mtoto ambaye akinyamaza Kisumu hakulali.

Watu wa Kaloleni walicheka na kupiga vigelegele. Opiyo naye alicheka. Dorca alicheka. Sikio lililozoea pakruok likisikia wimbo umekatika, mwili unapumzika. Mikono ya wenzangu saba ililegea kwa muda wa pumzi mbili.

Nakhungu hakuielewa pakruok. Yeye alijua tu kwamba wimbo haupo. Alibaki ameshikilia, peke yake, dhidi ya watoto wanane.

Nilipogeuka, kamba ilikuwa inakimbia. Nakhungu aliburutwa kifudifudi mbele ya uwanja wote, bado ameishika. Hakuiachia mpaka firimbi ilipolia. Walipomwinua, ngozi ya viganja vyake ilikuwa imetoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Hakulia kwa ajili ya mikono. Alitazama kitambaa chekundu upande wa pili, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbona ulinyamaza?"

Ningemjibu pale, hadithi hii ingekuwa fupi.

Jioni nyumba ilijaa kama kawaida, na kila mtu alitaka kujua. Mama aliuliza, "Sasa mlishindwaje, na watu wamesema mlikuwa mmeshinda?" Nilitazama nyuso zile zote zinazongoja. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nanga aliachia," nikasema. "Yule msichana wa reli. Alichoka akaachia kamba."

Shangazi wa jicho akasikitika. Binamu akasema alimjua tu, watoto wanene ni wavivu. Kesho yake Jumamosi neno lilikuwa bombani. Jumapili lilikuwa kanisani. Jumatatu, Nakhungu alipoingia darasani na mikono imefungwa bendeji, mtu alisema kwa sauti ya chini, "Achia," na darasa likacheka. Hadi saa nne lilikuwa limekwisha kuwa jina lake. Nakhungu Achia.

Wenzetu wa timu walijua ukweli. Hakuna hata mmoja aliyesema. Kila mmoja alijua mikono yake ililegea, na kila mmoja aliona ni nafuu ikiwa kosa lina mwenyewe. Mwalimu Wakoli alitutazama siku ile, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayengoja mgeni ambaye ameahidi kuja. Hakuna aliyekuja. Akafungua kitabu cha hesabu.

Nakhungu alianza tena kucheza nyuma ya choo. Tuseme alikaa, maana kwa mikono ile hangeweza kucheza. Niliporudi nyumbani nilipita njia nyingine.

Jumamosi ya wiki hiyo watoto wa raba nyeupe walipanda meli kwenda Homa Bay. Jumanne Mama Maximilla akarudi na samaki wake. Alikaa juu ya gunia, akavua viatu, akapewa chai, na nyumba ikamzunguka.

"Nimeona kitu gatini Homa Bay," alisema. "Nilishuka na wale watoto wa shule. Mwanamke mmoja amesimama chini ya ngazi, amevaa gauni la kanisani, kitambaa kipya, kikapu cha maandazi mkononi. Kila mtoto anayeshuka anamshika bega. 'Nakhungu yuko nyuma?' Mtoto anapita. 'Nakhungu yuko nyuma?' Mpaka watoto wakaisha."

"Ee," nyumba ikaitikia.

"Si akapanda ngazi mwenyewe? Akamwambia baharia, 'Tazama vizuri ndani, mtoto wangu hupenda kulala.'"

Watu wawili watatu walicheka. Halafu wakaacha.

"Nikamwuliza, mama, umeambiwa na nani? Akanionyesha barua. Kumbe timu ya mtoto wake ilishindwa na hakuna aliyempelekea habari. Alikaa kando ya kikapu muda hivi. Kisha akawaita wale watoto wengine, akawagawia maandazi yote. Eti yakilala yatakuwa magumu." Mama Maximilla alikunywa chai. "Nakhungu. Si ndiye yule mnayesema aliachia kamba?"

Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya nyumba, karibu na jiwe la kufulia, na nililia kimya. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia bila kutaka mtu anione.

Asubuhi nilifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu Wakoli alikuwa akisahihisha madaftari. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu kuukata wimbo hadi jibu nililowapa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisikia wimbo ulipokatika," alisema. "Sina uziwi. Nilikuwa nangoja kusikia ni nani atasema."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi? Mimi sijaitwa Achia."

Mchana aliitoa timu uwanjani, pamoja na wavulana wa darasa la saba upande wa pili. Darasa letu lote lilisimama pembeni, na Nakhungu kati yao. Mwalimu alinipa mimi nafasi ya nanga. Yeye mwenyewe akawa mwimbishaji.

Sikuwahi kukaa nyuma ya kamba. Nilistaajabu. Huoni kitu huko. Unaona mgongo wa mtu aliye mbele yako na anga. Kamba inakubana mbavu, na jambo pekee linalokuambia kwamba hauko peke yako ni ile sauti. Mwalimu aliimba, tukaitikia, nikaanza kuamini nina nguvu. Ndipo akanyamaza. Alikuwa amewaambia wenzangu walegeze. Kamba ilinivuta mbele kama gunia, nikaangukia magoti, na papo hapo akapuliza firimbi wavulana wakaacha.

"Ulisikia nini, Beldina?"

"Sikusikia kitu, Mwalimu."

"Na ulifikiri nini?"

"Nilifikiri wameniacha."

Nilijua kilichobaki ni changu. Nilisimama, magoti yana vumbi na damu, nikageukia darasa. Niliwaambia Nakhungu hakuachia kamba. Niliwaambia mimi ndiye niliyeukata wimbo ili nishangiliwe, kisha nikasema uongo nyumbani kwetu, na uongo ukatembea. Sauti yangu, ambayo niliisifu mbele ya mji mzima, ilikuwa ndogo hata wa nyuma wakaniambia nirudie. Nikarudia.

Opiyo alikuna kichwa. "Mimi nilicheka," alisema. "Nikalegeza. Nilijua na nikanyamaza." Dorca akasema hivyo hivyo, na wengine wakafuata.

Nakhungu alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama yangu alikuja gatini?" Maana alikuwa hajui bado. Ikabidi mimi nimwambie na hilo pia, mbele ya wote. Aliingia darasani, akalaza kichwa juu ya dawati, akabaki hivyo hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Mimi nilitaka kutengeneza jambo haraka, kama mtu anayeziba paa wakati mvua inanyesha. Jioni nilikiri nyumbani mbele ya Baba na wageni wote, kisha nikamwomba Mama Maximilla. Yeye hupanda meli kila Jumamosi, likizo ya Agosti iko karibu, je, hawezi kufuatana na Nakhungu hadi kwa mama yake? Alinitazama kwa mshangao. "Kila wiki nalala hapa, nyathina, mwanangu, na hukuwahi kuniambia kuna mtoto anayemtafuta mamake kule. Maneno yote unayosema, hilo ndilo lilikushinda?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeijua siri ya Nakhungu kwa miezi miwili, na mtu wa kuitatua alikuwa akilala mkeka mmoja na mimi.

Tulikwenda kota za reli jioni ya Alhamisi, mimi, Baba na Mama Maximilla. Mzee Masinde alikuwa amerudi kutoka zamu, akinawa mikono yenye grisi. Baba alimsalimu kwa heshima na Mama Maximilla akaeleza shauri lake. Mzee Masinde alisubiri amalize.

"Mama, nakushukuru," alisema. "Lakini mtoto wangu hatapanda meli na watu wa nyumba iliyomtangaza mjini. Juzi stesheni, mtu mzima mwenzangu ameniuliza kama mimi ndiye baba wa Achia."

Baba alinigusa bega. Nikasema yote tena. Ilikuwa mara ya nne, na nilidhani ingekuwa rahisi. Haikuwa.

Mzee Masinde alifuta mikono yake polepole. "Uongo huo uliwaambia watu wangapi?"

"Nyumbani, Mzee. Halafu sijui."

"Basi nenda ukajue. Ukimaliza, uje tuzungumze habari ya meli."

Nilizunguka siku nane. Nilikwenda bombani, nikasema. Nilisimama kanisani baada ya matangazo, nikasema, na Mama akaficha uso kwa leso. Nilikwenda kwa fundi cherehani, kwa wauza mboga, kwa kinyozi. Wengine walinisikiliza, wengine walisema, "Ah, mambo ya watoto hayo," na hao ndio waliokuwa wamelieneza zaidi. Kondele nilimkuta mwanamke ambaye sijawahi kumwona, akaniambia kwamba yeye alikuwepo uwanjani, na kwamba msichana wa reli aliachia kamba kwa sababu alipewa soda na wale wa Milimani. Nilipomwambia mimi ndiye niliyeutunga uongo huo, na kwamba haukuwa na soda, hakuniamini. Alisema, "Wewe mtoto unajua nini?"

Nilirudi nyumbani siku ile nimechoka kuliko siku yoyote ya kamba. Niliona kwamba sitaupata wote. Uongo wangu ulikuwa umeota miguu yake, na mahali pengine utaishi bila mimi.

Nilimwambia Mzee Masinde hivyo hivyo. Sikumwambia nimemaliza. Nilimwambia nimewafikia niliowaweza, na kwamba wako ambao sitawafikia kamwe. Akamwita Nakhungu kutoka ndani, akamwuliza kwa Kibukusu. Nakhungu alikubali kwa kichwa.

"Atakwenda," Mzee Masinde akasema.

Jumamosi ya kwanza ya likizo, Nakhungu alipanda meli na Mama Maximilla, viganja vyake vimepona lakini vina makovu ya kung'aa. Timu nzima ilikuwa gatini. Safari hii Mama Maximilla mwenyewe ndiye aliyepeleka habari mapema, akahakikisha imefika. Nakhungu alimpa kila mtu mkono, na mimi pia. Hakunikumbatia, na sikutegemea.

Alikaa Homa Bay wiki tatu. Muhula wa tatu ulipoanza alirudi amenenepa kidogo, akatusimulia hospitali, jiko kubwa la kuni, na mama yake anavyoimba akikoroga uji. Aliwasimulia wote. Mimi nilisikiliza kutoka dawati la pili, na nilipouliza swali alinijibu vizuri, kama unavyomjibu mtu wa kawaida.

Wiki ile Mwalimu Wakoli alileta kamba tena. Nakhungu alikwenda nyuma bila kuitwa. Wenzetu waliulizwa wanamtaka nani awaimbishie, wakamchagua Dorca. Mimi nilipewa nafasi ya nne, katikati, nyuma ya Opiyo.

Baada ya mchezo nilibaki kumsaidia Mwalimu kuikunja kamba. Nilimwuliza kama iko siku nitaimbisha tena.

"Hilo si langu kulisema," alijibu. "Anayevuta ameyatoa macho yake akampa mwingine amshikie. Ukiyageuza macho hayo ujitazame mwenyewe, umemfanya kipofu, na kipofu huumia. Wewe umekiri, umeomba radhi, umezunguka mji. Hayo ni mema na ulipaswa kuyafanya. Lakini kuaminiwa hakuji kwa sababu umeomba radhi. Kunakuja kwa watu kukuona, siku baada ya siku, ukiwa pale walipokuweka. Wao ndio watakaosema imetosha."

Nilifunga ncha ya kamba nikaiweka stoo. Muhula ule sikuchaguliwa.